Kipi Kianze: Majivu, Sabuni na Mikono ya Milanzi

Majivu mazuri hayatoki katika kila moto. Ya karatasi na makapi hupeperuka kabla hayajafika kwenye kopo. Ya mkaa huwa na vipande vyeusi vinavyokwaruza vyombo. Ya moto uliochochewa kwa plastiki hayafai hata kidogo, na ingawa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, bado chupa na kandambili zilizokatika huishia mafigani asubuhi za baridi. Jivu la namna hiyo ni la kutupa shimoni. Linalotakiwa ni la kuni ngumu zilizoungua mpaka mwisho, na kwa kazi ya sabuni, la mabua na maganda ya maharage: jeupe linaloelekea kijivu, laini, lisilo na punje ukilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

Milanzi ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, ambako upepo wa Juni na Julai hupenya sweta na vumbi huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Maharage na mahindi hulimwa kila upande, na baada ya kupura, maganda hubaki marundo. Wengi huwapa ng'ombe. Mama ambaye nilikuwa nikikaa jikoni kwake kumtazama hutenga mzigo wake mapema, akauchoma mahali palipofagiwa, bila kuchanganya na takataka za uani, kisha akaliacha jivu lipoe lenyewe. Nilipotaka kuharakisha mambo kwa kopo la maji alinizuia: "Acha, mwanangu. Ukilimwagia sasa, nguvu yote inazama ardhini." Hakuwa anatia chumvi. Kilicho cha thamani ndani ya jivu hilo ni chumvi ya potasiamu, na chumvi hiyo huyeyuka na kuondoka na maji ya kwanza yatakayoigusa. Jivu lililonyeshewa ni vumbi tu.

Kazi ya vyombo, kwa mkono wake, huanza kabla ya kupika. Sufuria ya ugali hupakwa mgongoni majivu yaliyokorogwa na maji kidogo yakawa tope zito, ndipo inatelekwa. Moshi wa kuni ukipanda, masizi hukaa juu ya tope hilo, hayashiki kwenye sufuria. Baada ya mlo, maji na kiganja vinatosha kuyaondoa yote kwa pamoja. Asiyepaka atakwangua mpaka mkono uume, na atamaliza kipande cha sabuni kwa sufuria moja. Ugali ukishapakuliwa, sufuria inajazwa maji papo hapo. Hayahitaji kuwa ya moto. Kinachotakiwa ni ukoko usipate nafasi ya kukauka.

Halafu mabeseni matatu yanapangwa. Vinaanza vikombe na vijiko vya mtoto, zinafuata sahani, halafu mabakuli ya mboga, na sufuria mwisho. Maji ya beseni la kwanza huzidi kuchafuka kadiri kazi inavyoendelea, kwa hiyo kile kinachokwenda mdomoni hupita yakiwa bado safi. Mtu aliyebeba ndoo kichwani kutoka bombani hawezi kubadilisha maji kwa kila sahani, na hahitaji, maadamu foleni imepangwa vizuri. Sufuria zinasuguliwa kwa gunzi la mahindi lililochovywa kwenye majivu makavu. Chembe zake ndogo zinakwangua, na ukali wake unaukata ule utando wa mafuta ambao maji peke yake huuzunguka bila kuugusa. Lakini jivu haliachwi likae. Alumini huliwa na ukali huo, na sufuria iliyolala na tope la majivu huamka imepauka, ina madoa meusi. Kwa hiyo ni kusugua na kusuuza mara moja, kwenye beseni la pili, na kumalizia na la tatu lenye maji yaliyochemka.

Nitaje hapa jambo linalowasumbua wageni waliosoma fizikia kidogo. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi, si 100. Je, yanaua? Yanaua. Vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hufa kabla joto halijafika huko. Wanaoteseka na mwinuko wa Ufipa ni wapikaji wa maharage, kwa sababu yanachelewa kuiva. Maji yakishachemka kwa nguvu, mapovu makubwa yakapanda toka chini, hayana deni.

Kutoka beseni la tatu vyombo havifutwi. Vinakwenda kichanjani. Kichanja chake ni cha fito zilizofungwa kwa kamba za magome, kimesimama juu kuliko shingo ya kuku na pua ya mbwa, mahali ambapo kivuli cha nyumba hakifiki hadi alasiri. Sahani husimamishwa kwa ubavu, vikombe hufudikizwa vikiegemea ili hewa ipite chini yake. Jua hukausha, na miale yake ina sehemu inayoharibu vimelea. Ni sehemu hiyo hiyo inayotegemewa na watu wanaosafisha maji ya kunywa kwa kuyaanika juani kwa muda wa saa 6 katika chupa ya plastiki iliyo angavu. Ila kubwa kuliko yote ni ule ukavu. Bakteria wengi wanaotuharisha hawapendi mahali pakavu. Tambara la kufutia vyombo, lenye unyevu siku nzima, likining'inia msumarini likipokea mikono ya kila mtu, ndilo pango lao. Huyu mama ana tambara moja la kushikia sufuria za moto, basi, nalo huchemshwa na kuanikwa. Sijamwona akifutia sahani kwa kitu chochote.

Nikiulizwa ufundi wenyewe uko wapi, maana hapa hakuna chombo cha ajabu wala dawa ya siri, nitajibu kwamba uko katika kujua kipi kianze na kipi kisigusane na kipi. Matangazo ya redio yametuzoesha kuamini kuwa usafi una harufu: ya limau, ya msonobari, ya maua yasiyoota popote Afrika. Tunamwaga dawa yenye harufu juu ya sakafu yenye tope, tunapiga deki kwa maji yale yale tuliyoanzia chooni, tukamalizia jikoni, na nyumba inanukia vizuri. Dawa kali ikimwagwa juu ya uchafu, nguvu yake huishia kwenye uchafu. Hospitalini kanuni ni hiyo hiyo: sehemu chafu zinaoshwa kwanza, dawa inafuata. Na kisa mashuhuri kuliko vyote cha kunawa mikono, cha daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna mwaka 1847, kilihusu mpangilio vilevile. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha wanawake. Aliwalazimisha kunawa kwa maji ya chokaa yenye klorini katikati ya kazi hizo mbili, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Alichofanya ni kuweka beseni mahali panapostahili.

Sabuni ni kazi ya siku nyingine, siku isiyo na haraka. Chombo cha kuchujia ni ndoo kuukuu ya plastiki iliyotobolewa chini. Hutandikwa majani makavu, juu yake kitambaa, ndipo majivu ya maharage yaliyochekechwa hushindiliwa. Ushindiliaji huo una kipimo chake ambacho sikuweza kukiandika kwenye daftari. Yakilegea, maji hupita mbio bila kubeba kitu. Yakibanwa mno, maji husimama juu yakakutazama. Yeye hubonyeza kwa ngumi, husikiliza, huongeza. Maji ya mvua aliyoyakinga hupendelewa kuliko ya kisima, kwa sababu hayana madini yanayoigeuza sabuni kuwa utando mweupe usiotoa povu. Anayamwaga kwa kikombe, akingoja kila kikombe kizame.

Tone la kwanza huchukua muda. Linatoka la rangi ya kahawia iliyokolea, na mengine yanalifuata, hadi rangi inapoanza kufifia. Hapo anabadilisha chombo cha kukingia. Maji ya kwanza ni ya sabuni. Ya mwisho, yaliyo hafifu, hayatupwi wala hayachanganywi na ya kwanza. Yatamwagwa juu ya majivu mapya siku nyingine, ili yabebe zaidi. Ukiyagusa yale ya kwanza yanateleza vidoleni, na mtelezo huo una maelezo ya kutisha kidogo: ni mafuta ya ngozi yako yameanza kugeuka sabuni.

Kwa hiyo wale wanaosema kitu kikitengenezwa nyumbani hakina sumu, waje hapa kwanza. Maji ya majivu yaliyokolea yanaweza kuunguza jicho, na mtoto akiyanywa, koo lake limekwisha. Chombo chake kina mfuniko, kinakaa juu, na watoto wa nyumba hii wamefundishwa kukiogopa kama wanavyoogopa moto. Usalama wa sabuni hii unakuja mwishoni, baada ya ukali wote kukutana na mafuta ya kutosha na kuisha.

Maji hayo yanachemshwa kwenye chungu cha chuma, kamwe si cha alumini, mpaka yapungue na kukolea. Kipimo ni yai bichi. Likizama, bado. Likielea na kuonyesha kichwa kidogo juu ya maji, kiasi cha sarafu, yametosha. Wengine huongeza chokaa ili ukali upande haraka. Kemia iko upande wao, ila mkono wao lazima uwe mwangalifu zaidi. Kisha yanaingia mafuta. Alizeti, ambayo mkoa wa Rukwa huikamua kwa wingi, hutoa sabuni laini inayomong'onyoka upesi. Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchujwa hutoa sabuni ngumu. Anayachanganya, ya ng'ombe yakizidi. Halafu ni kukoroga, moto mdogo, mwiko wa mti, saa baada ya saa. Mwanzoni mafuta na maji vinatazamana kama mashemeji waliogombana. Baadaye rangi inakuwa moja, uzito unaongezeka, mwiko unaanza kuacha mfereji nyuma yake ambao haujifungi mara moja. Tone likidondoshwa kwenye kikombe cha maji na kuacha macho ya mafuta yakielea, kazi haijaisha. Likiyeyuka bila macho, imeisha.

Kilichoko chunguni wakati huo ni sabuni ya uji, maana majivu hutoa potasiamu na potasiamu haigandi. Anayetaka kipande hutia chumvi ya kutosha. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi, na sabuni hupanda juu ikiwa mabonge, ikiacha maji machafu chini. Zamani chumvi ya nyanda hizi ilitoka Uvinza, au Ivuna kusini mwa Ziwa Rukwa, na ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa mbali. Sijui nani angethubutu kuimwaga kwenye chungu cha sabuni. Leo ni ya dukani. Mabonge hayo hukandamizwa kwenye boksi lililotandikwa kitambaa, hukatwa, na huachwa kwenye rafu majuma kadhaa. Vipande ni vya rangi ya kahawia, havina manukato, na povu lake ni dogo. Havivutii macho. Lakini vinaondoa harufu ya dagaa mikononi, jambo ambalo sabuni nyingi za kunukia hulishindwa.

Najua kuna njia fupi. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, limefundisha vikundi vingi vya akina mama nchini kutengeneza sabuni ya maji kwa malighafi za kununua, na sabuni hiyo ni nzuri, inasafisha, inalipa ada. Siidharau. Ninachokiogopa ni chupa zake. Ikiuzwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo, mtoto mwenye kiu haulizi. Na mtengenezaji asiyepima vizuri humpa mteja sabuni inayopasua viganja.

Huenda nimelewa historia ya mahali, lakini kila nilipotazama ile ndoo ya kuchujia na kile chungu, nilifikiria chuma. Milanzi ni jina kubwa katika Ufipa. Masimulizi ya Wafipa yanawataja watawala wa Milanzi kuwa ndio wa kwanza, kabla ya ukoo wa Twa kuja na kuchukua mamlaka, na mwanaanthropolojia Roy Willis aliyajadili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1981. Wafipa walikuwa wafua chuma wa kutajika. Tanuri zao za udongo zilikwenda juu hadi kama mita 3, zikivuta hewa zenyewe bila mivukuto, na kilichotoka humo kilikuwa hakijawa chuma cha kufulia jembe. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, la pili, lenye mivukuto, kikasafishwa tena. Ujuzi wa moto wa hatua mbili, udongo, na kungoja, ulikuwa umekaa hapa siku nyingi. Kazi ya chuma ilikuwa ya wanaume na ikaandikwa vitabuni. Kazi ya majivu ni ya wanawake na haijapata mtafiti.

Sakafu ina habari yake. Nyumba za saruji zinazidi kuongezeka, lakini jiko la nje bado ni la udongo, nalo husiribwa kwa udongo mfinyanzi na samadi mbichi ya ng'ombe, kwa kiganja, kwa mwendo wa nusu duara, kutoka ukuta wa ndani kuelekea mlangoni. Sakafu iliyosiribwa haipasuki, haina vumbi, na haimpi funza pa kuzaliana. Mdudu huyu ni mgeni kwetu: aliletwa na meli pwani ya Angola mwaka 1872 akitokea Brazil, na kabla karne haijaisha alikuwa amevuka bara zima hadi Bahari ya Hindi, akisafiri na misafara. Vumbi kavu ndilo kitanda chake. Hata hivyo samadi mbichi si kitu cha kuchezea. Ina vimelea vyake, vya pepopunda vikiwamo, na mwenye kidonda mkononi hasiribi. Mama huyu huwatoa watoto mpaka sakafu ikauke kabisa, na yeye hunawa hadi kwenye viwiko.

Ananawa wapi? Kwenye kibuyu chirizi, hatua chache kutoka chooni. Siku hizi ni dumu la lita 5 lililotobolewa, limening'inizwa kwenye mti mlalo, kamba ikishuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na kutoa mchirizi mwembamba. Mkono mchafu haugusi kitu. Kifaa hiki kilitokea Zimbabwe, na mwanzo kilikuwa kibuyu kweli. Machi 2020, virusi vya corona vilipoingia nchini, maduka mengi yaliweka ndoo za koki milangoni, na kila mteja akaishika koki ile ile kwa mkono ambao hajanawa, kisha akaishika tena kuifunga. Dumu la Milanzi lilikuwa limekwishalitatua tatizo hilo.

Kando yake kuna kipande cha sabuni kwenye soksi, na kopo la majivu kwa siku ambazo sabuni imekwisha. Kuhusu majivu mikononi, wataalamu hawajakubaliana. Utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 1991 ulikuta kwamba kunawa kwa majivu au udongo kulipunguza bakteria mikononi karibu sawa na sabuni. Mwaka 2020 wachambuzi wa Cochrane walikusanya tafiti zilizopo na kusema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba majivu huzuia magonjwa. Msimamo wangu ni wa jikoni: sabuni ikiwepo, sabuni. Sabuni huvunja ngozi ya mafuta inayofunika virusi kama vya corona, na ile minyoo, bakteria na virusi visivyo na ngozi hiyo huving'oa na kuviachia maji. Majivu husugua na kung'oa, basi. Ni bora mara nyingi kuliko maji matupu.

Wazee wa hapa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya Rukwa kuwa mkoa. Vikundi vya kusoma vilikaa kuzunguka redio, watu wapatao milioni 2 nchi nzima wakashiriki, vyoo vikachimbwa, maji ya kunywa yakaanza kuchemshwa katika nyumba ambazo hazikuwa zikichemsha. Kinachonifurahisha ni kwamba kampeni hiyo ilizungumza na watu kana kwamba tayari wana akili, jambo ambalo mabango mengi ya afya yamelisahau.

Mipaka ipo, na mama huyu anaijua kuliko wapenzi wengi wa vitu vya asili. Mgonjwa wa kipindupindu akiingia nyumbani, kopo la majivu linawekwa kando. Hapo ni klorini, Jik ya dukani iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha wahudumu wa afya, na mgonjwa anapelekwa kituoni akinyweshwa maji ya chumvi-sukari njiani. Na Jik haichanganywi na siki, limau wala dawa ya asidi ya kung'arishia choo; mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ndani ya choo kisicho na dirisha inaweza kumwangusha anayesafisha.

Mvua zikianza Novemba, kichanja hupoteza nusu ya kazi yake. Vyombo huingizwa ndani na kupangwa kwenye uchaga juu ya mafiga, ambako joto la moto hukausha badala ya jua, na maji ya beseni la tatu huwa ya moto zaidi na huongezwa mara kwa mara. Nguo za mtoto hupigwa pasi ya mkaa hata zisipohitaji kunyooshwa. Majivu ya maharage yamo kwenye debe lenye mfuniko, yaliyochomwa tangu Julai. Aliyekosa kuweka akiba kiangazi, Januari atanunua sabuni kwa bei ya dukani kama watu wote.